Usikubali jibu la kwanza: vitabu vya upelelezi kwa nyumba za wachimbaji

Kuna wenye kusema ya kwamba vitabu vya wauaji na wapelelezi ni vya kupoteza saa. Mutu anatoka posti ya usiku, macho mekundu, na pahali pa kulala anafungua kitabu apate kujua nani aliua nani. Walimu wetu wa zamani walitupatia vitabu vya namna ingine: maisha ya watakatifu, mezali, masomo ya usafi. Vile vilikuwa vizuri. Lakini sisi wasomaji wa huku Karavia, wenye kupitishana vitabu toka nyumba hii mupaka nyumba ile, tunasema wazi: kama nyumba ya mutu wa mukuba inaweza kununua kitabu kimoja tu mu mwaka, kikuwe cha upelelezi.

Sababu yetu ni moja. Kitabu cha upelelezi kinafundisha mutu kukataa jibu la kwanza. Na sisi watu wa karieri tunapewa majibu ya kwanza kila siku.

Angalieni. Muchimbaji anapeleka mifuko yake ku depo. Balansi inasema kilo fulani, mashini inasema teneri fulani, na jibu limetoka. Mwenye kuuliza "namna gani?" anaambiwa atoke mu mulongo. Ao angalieni vifo. Mu mwezi wa 6 wa mwaka 2019, udongo uliporomoka pale Kamoto, Kolwezi, na wachimbaji zaidi ya 40 wakakufa. Ile siku dunia yote ilisikia. Lakini kuna vifo vya mutu mumoja mumoja ambavyo hakuna radio inavisema, na pale ku kilio tunasikia maneno mawili tu: "ni ajali" ao "ni ulozi." Yote mawili yanafunga watu kinywa. Ajali haina mwenyewe. Ulozi uko na mwenyewe, lakini siku zote ni mama muzee wa avenyi, mujane mwenye hana mutu wa kumutetea. Na wakati watu wanamutupia yeye majiwe, hakuna mwenye anauliza nani aliruhusu watu waingie mu shimo kiisha mvua ya usiku muzima.

Njo maana tunaanza na Muhammed Said Abdulla, mutu wa Unguja. Kitabu chake *Mzimu wa Watu wa Kale* kilipata zawadi ya kwanza mu mashindano ya hadizi za Kiswahili ya 1957 na 1958, na kikachapwa mu 1960, mwaka ule ule wa uhuru wetu. Maiti ya tajiri mumoja inakutwa pahali pa mizimu, pahali ambapo watu wanaogopa na kuheshimu. Kwa pahali kama pale, jibu la kwanza liko tayari, hata mutoto anaweza kulisema. Kiisha anafika Bwana Msa, na kiko chake mu kinywa na rafiki yake Najum pembeni. Bwana Msa hatukani mizimu, hachekelei imani ya mutu. Anauliza tu: nani alimuona marehemu mara ya mwisho? Nani anadanganya juu ya saa? Kifo hiki kinafaidisha nani? Pole pole woga unatoka mu hadizi, na pahali pake wanabaki watu, wenye mikono na tamaa kama watu wote.

Mwisho hatuusemi, tungeharibu utamu. Lakini tunajua nyumba mingi za muji huu ambamo kitabu hiki kingepaswa kusomwa kwa sauti kubwa, kabla ya mutu kusimama ku kilio na kunyoosha kidole. Watu wanasema Abdulla alimutengeneza Bwana Msa kwa mufano wa Sherlock Holmes wa Uingereza. Ni kweli, kiko na rafiki vinaonyesha. Lakini maneno yake ni ya pwani kabisa, na watoto wetu wenye wanahangaika na Kiswahili bora ku masomo watakipata humu bila fimbo. Wenye watapenda waendelee na *Kisima cha Giningi*, cha 1968: jina la Giningi lenyewe, kule Unguja, linakumbusha wachawi.

Mutu asiseme hayo ni mambo ya Unguja tu. Muji wetu wenyewe uko na fumbo lake kubwa. Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walifikishwa hapa Elisabethville kwa ndege, na usiku ule ule wakauawa mu pori, si mbali na muji. Mu mwezi wa pili, serikali ya Katanga ya wakati ule ikatangaza ya kwamba wafungwa walikimbia na wanakijiji wakawaua. Ile njo ilikuwa jibu la kwanza. Ilikuwa bongo. Ilipita karibu miaka 40 mupaka mutu mumoja wa Ubeljiji, Ludo De Witte, akafungua makaratasi ya zamani na kuandika kitabu, na Bunge la Ubeljiji likafanya anketi na kukubali, mu 2001, ya kwamba nchi yao iko na sehemu ya lawama. Mu 2022 jino moja la marehemu likarudishwa kwa jamaa yake. Kama kila mutu angeikala na jibu la mwezi wa pili 1961, hata lile jino halingerudi.

Kitabu cha pili kwetu ni cha Mukongomani: *Mathématiques congolaises* cha In Koli Jean Bofane, cha 2008. Kiko mu Kifaransa, lakini mu kila nyumba kuna mutoto wa sekondere mwenye anaweza kukisoma na kuelezea wengine. Célio ni kijana yatima wa Kinshasa, na urizi wake ni kitabu kimoja cha hesabu. Rafiki yake Baestro, kama vijana mingi wenye njaa, anakubali feza kidogo kwa kwenda mu maandamano, na risasi inamumaliza. Ku jamaa wanaelezwa maneno ya haraka. Célio mwenyewe, kwa sababu ya akili yake, anapata kazi mu ofisi ya wakubwa, pale ambapo bongo zinapikwa kama bukari. Sasa tumbo limeshiba, viatu vinangaa, na swali linabaki: nani alimuua Baestro, na mimi nakula mukate wa nani?

Tunasema wazi: hiki njo kitabu tungepatia kila kijana wetu mwenye kupata kazi ya ofisi mu kampuni. Kinaonyesha namna mutu mwema anavyonunuliwa, si kwa siku moja, lakini kidogo kidogo, mushahara kwa mushahara. Na kinachekesha pia. Bofane anaelezea njaa kama vile mutu mwenye aliijua, bila kulialia.

Kwa wapenda mbio na risasi, kuna Elvis Musiba wa Tanzania. Mupelelezi wake, Willy Gamba, ni kijana wa suti nzuri, wa bunduki na warembo. Muchukue *Kikosi cha Kisasi*, cha 1979, kwa sababu kile kinamuleta mupaka Kinshasa, wakati ambapo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa wanawindwa. Ni furaha ya namna yake kuona muji mukuu wetu mu macho ya mugeni wa Dar es Salaam. Hapa hatutafuti falsafa: Willy anapiga mbele, anauliza nyuma. Lakini hata yeye, mwenye kumupokea kwa tabasamu pa mulango si lazima akuwe rafiki.

Valentin-Yves Mudimbe ni mutoto wa Likasi, alizaliwa 1941, wakati muji uliitwa Jadotville. *Le Bel Immonde*, cha 1976, ni kitabu kifupi, lakini si chepesi. Waziri mumoja, msichana wa baa, na waasi wenye wanamutuma yule msichana amupeleleze waziri. Nani anatumia nani? Kila mumoja anafikiri yeye njo anashika kamba. Musome pole pole, na murudie kurasa za mwisho.

Tena kuna muzungu mumoja tunamukubali: John le Carré, na kitabu chake cha 2006, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa *Le Chant de la mission*. Kijana Salvo, baba misionere wa Ireland, mama Mukongomani, anafanya kazi ya kutafsiri kule London. Anajua Kiswahili na lugha zingine za mashariki. Siku moja anapelekwa ku kisiwa, mu mukutano wa siri wa mabwana wa vita na wafanya biashara, na anasikia yale ambayo hakupaswa kusikia. Juu ya meza ni amani na demokrasi. Chini ya meza ni madini ya Kivu. Kwa sisi wenye tuliona kontra mingi zikiandikwa mu lugha ambazo mwenye kuchimba hazisomi, kazi ya ule mutafsiri inagusa moyo.

Wenye wako na hamu zaidi watafute Achille Ngoye, Mukongomani mwenye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia mu Série Noire ya Gallimard, mu 1996, na *Agence Black Bafoussa*. Na *Tram 83* ya Fiston Mwanza Mujila, mutoto wa Lubumbashi hapa, cha 2014: haiko hadizi ya polisi, lakini usiku wa muji wa madini uko mule muzima, pamoja na mutu mwenye kutisha wakubwa kwa picha zao za uchi. Kile wazazi wakiweke juu ya kabati.

Tunajua masemi ya wengine: vitabu hivi vitafundisha watoto wizi. Ndugu zetu, mutoto wa kwetu hana lazima ya kitabu kwa kuona wizi. Anauona toka dirishani. Kile hakioni mara mingi ni mutu mwenye kufuata jambo mupaka mwisho, bila kununuliwa na bila kupiga mutu. Kile kinapatikana mu vitabu hivi. Wengine wanasema bei. Lakini wauzaji wa vitabu vya zamani mu muji wanasikilizana bei, ku Halle de l'Étoile kuna mediateke, na nyumba tano zikichanga bei ya chupa za Simba za siku moja ya yenga, kitabu kimeingia mu avenyi na kinazunguka mwaka muzima.

Namna yetu ya kusoma ni hii, na inafaa kabisa wakati umeme umekatika. Mumoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, na mama wa nyumba njo anaamua pa kusimama. Kabla ya sura ya mwisho, kitabu kinafungwa. Kila mutu, hata mutoto wa miaka kumi, anataja mwenye kuua kwa mawazo yake. Lakini kuna sheria: hakuna kutaja jina bila kuonyesha alama mu kitabu. Mwenye kusema "ni yule tu, ninamusikia mu roho," hatumukubalie. Aonyeshe ukurasa.

Ile sheria ndogo inabaki mu kichwa hata kitabu kikiisha. Siku ambapo kilio kitaanguka mu kartie, na mutu atasimama na kutaja mama muzee fulani, ni vizuri wakuwe pale watoto wawili watatu wenye wamezoea kusema: baba, onyesha ukurasa. Na siku ambapo mutu wa ofisi atakuja na karatasi moja yenye neno "ajali," ni vizuri mujane akuwe na nguvu ya kumuuliza: nani aliiandika, saa ngapi, na alikuwa amesimama wapi?