TUJUE HISTORIA YETU: Kutoka Ngarambe Hadi Makumbusho ya Songea



Mwezi huu twende matembezi. Tutaanzia Ngarambe, wilaya ya Rufiji. Tutamalizia mjini Songea, katika Makumbusho ya Majimaji. Makumbusho ni nyumba ya kutunzia vitu vya zamani. Watu huja kuvitazama na kujifunza.

Kwa nini tuanzie Ngarambe? Kwa sababu dawa ya vita vya Majimaji ilitoka hapo.

Wakati ule Wajerumani walitawala nchi yetu. Kuanzia mwaka 1902 waliwalazimisha wananchi wa pwani ya kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Maakida na majumbe walisimamia kazi. Aliyechelewa alichapwa viboko. Ujira ulikuwa mdogo mno hata wengine walikataa kuupokea. Na mkulima alipokuwa kwenye pamba ya serikali, shamba lake la chakula liliota majani.

Mwaka 1904 alitokea Ngarambe mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Wazee walisimulia kwamba alichukuliwa na pepo akazama majini. Ndugu zake walimtafuta wasimwone. Kesho yake akatoka, na nguo zake zilikuwa kavu. Tangu hapo watu wakaanza kumfuata.

Kinjikitile aliwapa watu dawa. Ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za nafaka. Alisema kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Alisema pia kwamba watu wote weusi ni wamoja. Habari hizo zilienea kwa siri, kutoka mdomo mmoja hadi sikio jingine. Watu wa makabila mbalimbali wakamiminika Ngarambe.

Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya Wajerumani. Vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Lakini walikuwa wamechelewa. Dawa ilikuwa imekwisha kusafiri. Ilifika Liwale, ikafika Mahenge, ikafika kwa Wangoni wa Songea.

Je, risasi ziligeuka maji? Hapana, ndugu msomaji. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge. Wajerumani waliwapiga kwa bombomu. Watu wengi sana walikufa siku hiyo.

Kisha Wajerumani walichoma nyumba, maghala na mashamba. Njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walisema waliokufa ni 75,000. Wanahistoria wengine husema walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Vita vilikwisha mwaka 1907.

Sasa tumefika Songea. Makumbusho haya yapo mahali palipotokea msiba. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi wa Wangoni na kuwazika katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano alizikwa peke yake. Mji huo unaitwa kwa jina lake. Kila mwaka, mwezi wa Februari, watu hukusanyika hapo kuwakumbuka.

Ukifika utaona sanamu za viongozi hao. Utaona makaburi. Ndani utaona silaha za mababu. Usipite haraka. Simama, utazame mkuki, kisha ufikirie bombomu. Hapo utaelewa jinsi watu wale walivyokuwa na moyo. Soma maandishi polepole. Kama umefuatana na mzee asiyejua kusoma, msomee kwa sauti.

Wajukuu wa Songea Mbano wana jambo moja linalowauma. Wanasema kichwa cha babu yao kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Wanataka kirudi kizikwe. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo Songea. Aliomba msamaha kwa mambo waliyoyatenda Wajerumani. Alikutana pia na jamaa za marehemu. Miaka 117 ilikuwa imepita, lakini jamaa hao walikuwa hawajasahau.

Tumejuaje habari za Ngarambe? Wajerumani waliandika habari zao. Waliwaita babu zetu waasi. Babu zetu wengi hawakujua kuandika. Walisimulia tu, jioni, mbele ya wajukuu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini na kuwauliza wazee. Walikaa nao, wakaandika maneno yao. Wazee wale walikuwa wameviona vita kwa macho yao. Kama wanafunzi wangechelewa miaka ishirini, wangekuta makaburi.

Leo hayupo tena mtu aliyeviona vita vile. Lakini wapo wazee waliosimuliwa na baba zao. Wanajua jina la mto, la mti, la kilima, na jambo lililotokea pale. Mzee akifa bila kuulizwa, habari hizo huzikwa naye.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Nenda kwa mzee mmoja, umsalimu, ukae. Muulize, kisha uandike kama anavyosema. Andika jina lake, kijiji chake na tarehe. Daftari hilo litakuwa mwanzo wa makumbusho ya kijiji chenu.

MASWALI YA KUJADILI
1. Wananchi walichukia nini katika kilimo cha pamba?
2. Dawa haikuzuia risasi. Je, ilisaidia jambo gani?
3. Ni mzee gani kijijini kwenu anayepaswa kuulizwa kwanza?

MANENO MAGUMU
Bombomu: bunduki inayopiga risasi nyingi mfululizo.
Nduna: kiongozi aliye chini ya mfalme wa Wangoni.