Tembo Mmoja, Madebe Mawili

Kwa watu wengi wa Simiyu, kwenda Mwanza ni kufuata mahitaji na kwenda Dar ni kusalimia ndugu. Kutembea hasa, kule kwa kupiga picha na kula vizuri, ni Nairobi. Familia yetu nayo ilikwenda Desemba iliyopita, watu sita: mama, mamdogo, mjomba wa Meatu na sisi watoto watatu. Picha mliziona kwenye stetasi, sina haja ya kuzirudia. Nina hoja moja tu: Nairobi ilituuzia vitu ambavyo tumeviacha nyumbani, nasi tukalipa huku tunacheka.

Tazameni njia yenyewe. Basi la kutoka Mwanza tulilidakia Lamadi. Hatujakaa sawa kwenye siti, tukalipita lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, lililo kando kabisa ya barabara kuu ya kwenda Musoma. Hakuna aliyegeuza shingo. Tukagonga mihuri Sirari, tukapita Kisii na Narok, na kesho yake tukawa kwenye foleni ya kulipa kiingilio ili tuone wanyama.

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946 na ina kilomita za mraba 117. Serengeti ina 14,763. Ukiikata vipande unapata hifadhi kama ile ya Nairobi zaidi ya 120. Lakini ile ndogo inajua kujiuza: simba mbele, maghorofa nyuma, na kutoka katikati ya mji ni safari fupi tu. Kule Lang'ata, kwenye kituo cha twiga, unapanda jukwaani na kumlisha mkononi mnyama wa taifa la Tanzania. Mama alimlisha huku akizidisha kila bei mara 20 kichwani ili ajue ni ngapi kwa hela yetu.

Kilichonigusa zaidi ni kituo cha Sheldrick, wanakolelewa watoto wa tembo waliofiwa au kupotezana na mama zao. Saa 5 asubuhi wageni wanajipanga nyuma ya kamba, watoto wa tembo wanakuja mbio kunyonya maziwa kwenye chupa, na mlezi anaeleza kila mmoja anaitwa nani na aliokotwa wapi. Watu walikuwa wanafuta machozi. Mjomba alikaa kimya. Msimu wa mavuno huwa analala shambani na tochi na debe bovu, maana tembo wakiingia usiku, mahindi ya mwaka mzima yanakwisha kabla jogoo hajawika. Tulipotoka alituambia kwamba ile ndiyo mara yake ya kwanza kumtazama tembo bila kupiga debe.

Tulicheka, lakini neno lile halijanitoka. Nairobi wanampigia tembo debe la kumnadi. Sisi tunampigia debe la kumfukuza. Mnyama ni mmoja. Tofauti ni nani anapata chochote kutoka kwake.

Kwenye chakula ni yale yale. Kenyatta Market tulikula nyama choma iliyokatwa mbele yetu juu ya ubao, chumvi na kachumbari pembeni. Hapo sina neno, ile nyama ni tamu. Jioni mamdogo akataka samaki. Akaletewa sato mzima, ugali, na sahani ya omena, ambao ni dagaa hawa hawa wa Ziwa Victoria tunaowanunua kwa sado Lamadi. Meza za jirani, watu waliovaa tai walikuwa wanakula mukimo na githeri, vyakula vya bibi zao, bila aibu yoyote.

Sasa mgeni aje Bariadi. Tutamkimbizia chipsi mayai au wali kuku. Michembe ya karanga, matobolwa na maziwa ya mgando vinabaki jikoni, tunakula wenyewe akishaondoka. Tumejifundisha kwamba chakula chetu ni cha shida, halafu tunashangaa kwa nini mgeni hana la kukumbuka.

Najua mtaniambia Serengeti si ya kwenda kwa miguu. Ni kweli. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo ukilinganisha na cha mgeni, ila gari ndilo linalotoboa mfuko. Na familia iliyoliwa shamba zima haiwezi kuambiwa eti ikatalii ili ipate kuwapenda tembo. Kwanza walipwe kifuta jasho chao kwa wakati, na vijiji vinavyopakana na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa viione faida ya kuishi na wanyama hawa. Mwenyeji mwenye njaa hawezi kuwa mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni anakuja, anapita Lamadi, na mwenyeji anabaki na debe lake.

Lakini kuna sehemu yetu pia sisi wanachuo. Mkoa wetu umekuwepo tangu 2012, na wengi tunaotoka huko tumemaliza sekondari bila kuingia Serengeti hata siku moja. Tunasoma utalii, biashara, kilimo, halafu tunasubiri ajira. Wanasimiyu thelathini wakichanga kidogo boom likitoka, wanakodi gari moja na kuingia Ndabaka asubuhi. Mchana wakale Lamadi: sato, michembe, mgando, kwa mama lishe aliyeambiwa mapema kwamba wageni wanakuja na wanataka chakula cha hapo hapo. Tuanze likizo ijayo. Mjomba nimeshamwambia nafasi yake ipo, na safari hii tochi aiache nyumbani.