Majina matatu, fishi tatu: kosa la kalamu linaweza kuua

Vijana wenzetu, toka Kavimvira mpaka Kalundu,

Tuchukue mfano mumoja. Mama analeta mtoto hospitali usiku, malaria imemumaliza damu. Kwenye fishi wameandika Byamungu. Kwa laboratwari wameandika Biamungu. Asubuhi wauguzi wamebadilishana zamu, na kitanda cha pili iko Byamungu mwingine, miaka sawasawa. Ile damu iliyopimwa ni ya nani? Mtoto akipewa damu isiyo ya grupe yake, anaweza kufa siku ileile. Na hakuna mtu alitaka kumuua.

Hii shida haikuanza jana. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, watu wakatafuta jina la pili la kienyeji. Baadaye ya kikristo yakarudi. Leo mtu iko na majina matatu, na kila ofisi inayapanga vile inataka. Mtaani tunamuita tu Mama Esther. Muandishi naye anaandika vile amesikia: L inakuwa R, Y inakuwa I. Na karatasi ya kuhakikisha iko wapi? Sensa ya mwisho ya nchi ni ya 1984. Tangu 2005 wengi wetu kitambulisho ni karte ya mpiga kura, lakini mtoto hana. Na mafuriko ya Aprili 2020 yalibeba nyumba za watu pamoja na makaratasi yao.

Mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa miezi 6 au zaidi. Akikimbia vita akafika Baraka ao Bujumbura na jina lingine, kule ni mgonjwa mupya, huku ameandikwa kama aliacha dawa.

Tuseme ukweli: na sisi tuko na makosa. Kuna wenye kuazima fishi ya jirani ili wasilipe ingine. Kuna wenye kuficha jina kwa haya ya ugonjwa. Ugonjwa wako unaingia kwa historia ya jirani, na yeye kesho atatibiwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo tunaomba:

– Hospitali na vituo vya afya: majina matatu kwa mpango mumoja, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, na nambari moja kwa kila mgonjwa. Musiulize « wewe ni Byamungu? », mgonjwa mwenye homa anaitika kila kitu. Ulizeni: « jina lako nani? » Mbele ya kutia damu, ulizeni tena.

– Serikali: kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 ni bure kwa sheria. Ofisi ya uraia ifike karibu na materniti, na isiombe hata franka moja.

– Sisi wenyewe: soma fishi mbele ya kutoka. Wakikosea, sema palepale. Piga picha ya karatasi ya mtoto, uichunge kwa telefone. Bibi asiyejua kusoma, umusomee.

Hospitali yetu inakosa vitu vingi, tunajua, na tutaendelea kuvidai. Lakini hii haingoje pesa ya Kinshasa. Inaomba biki na dakika moja. Tuanze leo.