Madaftari ya watoto, kumbukumbu za wazee



Wanafunzi wangu hunicheka. Wanasema mwalimu wao wa fiqhi akimaliza darasa hukimbilia kusoma habari za Ayalandi, nchi ya baridi ambayo hajaikanyaga. Asiposoma hizo, basi anasoma utafiti wa uzee, naye hata miaka 50 hajafika. Leo nawajibu.

Ayalandi niliingia kwa mlango ambao wengi wenu mnaujua: Sultani Abdulmejid wa Dola ya Uthmaniya, aliyepeleka pauni 1,000 mwaka 1847 wakati wa njaa kubwa iliyoanza 1845, viazi vilipoozea mashambani. Watu wapatao milioni moja walikufa. Nilitaka kujua habari ya msaada ule tu, nikabaki humo.

Kilichonishika zaidi ni kisa cha pensheni. Januari 1909 wazee wa Ayalandi, iliyokuwa chini ya Uingereza, walianza kulipwa hadi shilingi 5 kwa wiki, sharti mtu awe ametimiza miaka 70. Lakini uandikishaji wa vizazi vyote ulianza 1864. Mzee athibitishe vipi umri wake? Wengi walitaja Usiku wa Upepo Mkubwa, tufani iliyoipiga nchi tarehe 6 Januari 1839. Aliyeukumbuka usiku ule alihesabiwa kuwa ametimiza. (Bila shaka wapo walioukumbuka ghafla!) Wengine waliomba majina yao yatafutwe katika sensa za 1841 na 1851. Mwaka 1922 jumba la kumbukumbu za serikali mjini Dublin liliteketea vitani, na sensa hizo karibu zote zikaenda na moto. Fomu nyingi za maombi ya wazee zilisalimika. Basi ziko familia ambazo habari zao za sensa zimebaki kwa sababu tu bibi kizee alitaka shilingi zake 5.

Sasa huo uzee. Chuo cha Trinity mjini Dublin kinaendesha utafiti uitwao TILDA. Ulianza mwaka 2009 kwa watu zaidi ya 8,000 wenye miaka 50 na kuendelea, na kila baada ya miaka michache hurudiwa. Hupimwa nguvu za mkono, mwendo wa miguu, moyo na kumbukumbu. Tena huulizwa wana marafiki gani na hushiriki shughuli zipi. Wanaochanganyika na watu huonekana kuwa na maisha mazuri zaidi na huzuni kidogo kuliko wapweke. Ni kweli mgonjwa naye huacha kutoka, kwa hiyo si rahisi kusema kipi kimeleta kipi. Hata hivyo, kumpa mzee mtu wa kuzungumza naye hakuna gharama wala madhara.

Na hapa ndipo panaponiuma. Tunapenda kusema upweke wa wazee ni ugonjwa wa Ulaya. Idi iliyopita nilimkuta mama yangu sebuleni, nyumba imejaa wajukuu. Wote walikuwa wamempa mkono, kisha kila mmoja ameinamia simu yake. Nikamwuliza, "Mbona kimya, mama?" Akanijibu, "Nimeshaamkiwa, mwanangu."

Waayalandi walifanya jambo ambalo naona linafaa madrasa zetu. Kati ya 1937 na 1939, watoto wa shule za msingi wapatao 50,000 walipewa kazi ya kuwauliza wazazi, mababu na majirani juu ya dawa za miti, visima, michezo, hadithi na ile njaa, kisha wakayaandika madaftarini. Maandishi yale yamehifadhiwa hadi leo.

Najua wazazi wataniambia watoto wana mitihani na juzuu za kuhifadhi. Mimi nataka nusu saa kwa wiki. Na mtoto asiulize "Nyanya, hujambo?" akaondoka. Aulize nani alimfundisha alifu, maji waliteka kisima kipi, mwaka wa ukame walikula nini, mahari yake ilikuwa kiasi gani. Aandike kama alivyoambiwa, hata kama mjomba anasema haikuwa hivyo.

Darasa langu linaanza Jumamosi hii. Madaftari nimeshanunua. Wazazi nawaomba jambo moja tu: nusu saa hiyo simu zikae kabatini, na zenu pia.