Makofi Hayamtoshi Agnes Kalibata

Kila Machi 8 ikikaribia, ubao wa matangazo chuoni kwetu hujaa picha za wanawake wanasayansi wa Afrika. Mwaka huu Agnes Kalibata aliwekwa katikati, na chini ya picha yake maneno matatu: jasiri, mahiri, mfano. Amefanya nini hasa? Hakuna aliyeandika. Nami nauliza kama kweli tunamsifu, au tunamkwepa.

Safari yake wengi tunaijua. Ni Mnyarwanda aliyekulia ukimbizini Uganda, akasoma sayansi ya wadudu na biokemia Makerere, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Alikuwa Waziri wa Kilimo wa Rwanda kuanzia 2008 hadi 2014, halafu akashika uongozi wa AGRA jijini Nairobi. Desemba 2019 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alimteua mjumbe wake maalumu wa Mkutano wa Mifumo ya Chakula wa 2021. Hapo ndipo vita vilipoanza. Mashirika zaidi ya 170 yaliandika barua kutaka uteuzi huo ufutwe, yakidai kwamba AGRA, iliyoanzishwa 2006 kwa fedha za wakfu wa Rockefeller na wa Gates, iko karibu mno na makampuni makubwa ya kilimo.

Wapo wenzangu wanaosema barua ile ilikuwa chuki tu dhidi ya mwanamke Mwafrika aliyepanda juu. Sikubali. Nani anafaidika mkulima anaponunua mbolea ni swali halali, kiongozi awe mwanamume au mwanamke. AGRA yenyewe ilijiwekea lengo la kuongeza maradufu mavuno na kipato cha mamilioni ya kaya za wakulima wadogo ifikapo 2020. Mwaka huo ulifika, lengo halikufikiwa. Kulitaja hilo si kumtukana mtu.

Ila nao wanaomwita kibaraka wananikera zaidi. Kibaraka hana rai yake. Kalibata alikuwa na rai kabla hajaingia AGRA, tena aliitekeleza. Mpango wa Rwanda wa kuongeza mazao, ulioanza 2007, uliunganisha vishamba vya majirani, ukapangia kila eneo zao lake, ukaleta mbegu bora na mbolea ya ruzuku. Sababu zilikuwepo: vilima vinavyomomonyoka, udongo uliochoka, familia nyingi zenye ardhi isiyofika hekta moja. Mavuno ya mahindi na ngano yalipanda miaka ile. Ukimwambia mwanamke huyu kwamba alitumwa na Wazungu, umemnyang'anya hata kosa lake.

Ugomvi wangu naye uko kwingine. Bibi yangu analima Kigezi, ng'ambo tu ya mpaka. Anapanda mahindi na maharage shamba moja, viazi vitamu pembeni. Hafanyi hivyo kwa kukosa elimu (ingawa maafisa ugani wamemwambia mara nyingi). Mvua ikikatika mapema na mahindi yakaungua, maharage yameshaingia ghalani. Mkulima wa upande wa pili, aliyepangiwa zao moja, angekula nini msimu kama huo? Na mtaalamu wa wadudu anajua kuliko mimi kwamba shamba kubwa la zao moja ni karamu kwa mdudu mharibifu. Viwavijeshi vamizi vilipoingia Rwanda mwaka 2017 vilikuta mahindi mengi yakivisubiri. Kwa hiyo swali langu kwake halitoki kwenye siasa, linatoka kwenye fani yake mwenyewe: alipokuwa waziri, yule mwanafunzi wa wadudu wa Makerere alimshauri nini?

Swali kama hilo huulizwa mwanasayansi. Shujaa wa kwenye ubao haulizwi.

Nimeshapeleka hoja kwa katibu wa chama chetu cha mdahalo ili ijadiliwe Machi ijayo: kwamba serikali haina haki ya kumpangia mkulima mdogo zao la kupanda. Nimeomba pande zote mbili zimtumie Kalibata, mmoja kama shahidi wake na mwingine kama mpinzani wake, na kwamba mdahalo uwe kwa Kiswahili, kwa sababu nataka kumleta bibi, naye Kiingereza hakijui. Katibu ananiambia mada hiyo ni nzito mno kwa siku ya sherehe. Bado tunabishana.