Uchambuzi: Joto, upepo na hatima ya dagaa wa Ziwa Tanganyika

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, wako wengi waliolelewa kandokando ya Ziwa Tanganyika: Uvira na Baraka upande wa Kongo, Rumonge na Nyanza-Lac upande wa Burundi. Kwao, habari za kuadimika kwa dagaa, ambao wengine huwaita ndagala au ndakala, ni habari za nyumbani. Mara nyingi lawama huelekezwa kwa wavuvi. Lakini ipo sababu nyingine, nayo imo ndani ya maji yenyewe: ziwa halichanganyiki kama zamani.

Ili kuelewa hilo, inafaa kulilinganisha na ziwa la jirani. Mto Rwizi, upitao Ruharo katika Jiji la Mbarara, hupeleka maji yake kwenye mfumo wa maziwa ya Mburo na Nakivale. Kina cha Ziwa Nakivale ni mita chache tu, hivyo upepo huweza kulikoroga hadi chini. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Hakuna upepo uwezao kulikoroga lote. Chini ya mita 100 hivi upande wa kaskazini, na mita 200 hivi upande wa kusini, hakuna oksijeni na samaki hawaishi.

Hata hivyo, rutuba ya ziwa imelala huko huko kilindini, yanakotuama mabaki ya viumbe. Kila mwaka, kati ya Mei na Septemba, pepo za kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji baridi yenye rutuba hupanda upande wa kusini kujaza nafasi. Kusi inapotulia, maji ya chini huyumba kwenda na kurudi, kama maji ya beseni lililoinamishwa kisha likarudishwa. Rutuba hiyo hulisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hulisha vijidudu, vijidudu hulisha dagaa, na dagaa huliwa na mikebuka.

Ongezeko la joto duniani linaukata mnyororo huo mwanzoni. Maji ya joto ni mepesi kuliko ya baridi; kadiri tabaka la juu linavyopata joto, ndivyo upepo unavyohitaji nguvu zaidi kulichanganya na la chini. Mwaka 2003, utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulikadiria kuwa uzalishaji wa mimea hiyo ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, hali inayoweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2010, uchunguzi wa matope ya sakafu ya ziwa ulionyesha kuwa joto la maji ya juu mwishoni mwa karne ya 20 halikuwahi kufikiwa katika miaka 1,500. Utafiti wa mwaka 2016 ulibainisha kuwa samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza katikati ya karne hiyo.

Hayo hayawaondolei wavuvi wajibu wao. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilitia saini mkataba wa kulilinda ziwa hilo mwaka 2003, na mamlaka inayousimamia ina makao yake Bujumbura. Mwaka 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kipindi ambacho pia ndicho cha pepo za kusi. Hatua hiyo huwapa samaki nafasi ya kuzaliana, lakini kupumzisha nyavu hakupozi maji. Ziwa linalozalisha kidogo haliwezi kuvuliwa kwa kipimo cha zamani.

Kwa wanaotarajia kurejea, maana yake ni nzito. Mipango ya kuwarudisha wakimbizi ikimhesabu mvuvi kuwa amekwisha kupata riziki kwa sababu tu ziwa liko pale pale, itakuwa imekosea hesabu. Amani inaweza kumrudisha mtu ufukweni. Haitoshi kuwarudisha dagaa.