Tusilikimbilie Jina la "Daktari"

Siku niliposhinda mdahalo wa shule, ami yangu, mvuvi wa Lamu, alinishika bega akasema, "Mwanangu, soma haya mambo ya nchi za nje mpaka uitwe daktari, kisha uwe balozi." Mama alipiga vigelegele. Mimi nilitabasamu tu, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Ati balozi lazima awe na uzamifu? La hasha! Balozi Amina Mohamed, waziri wetu wa mambo ya nje kutoka 2013 hadi 2018, alisomea sheria kule Kyiv, akapanda ngazi kwa kazi.

Uzamifu ni njia nyingine. Baada ya shahada ya kwanza na ya uzamili, unatumia miaka mitatu au zaidi ukichimba swali moja tu na kuandika tasnifu. Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, alipata uzamifu wake Oxford mwaka 1966, kisha akafundisha na kuandika mpaka uzeeni. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Asiyependa maktaba atakiona cha mtema kuni.

Binamu yangu mmoja aliingia humo kwa kupenda jina. Huu ni mwaka wake wa tano. Shamba la kwao limeuzwa kulipa karo, na bado hajui anatafiti nini. Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu!

Basi mimi nimejipima. Tarehe 12 Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa uamuzi kuhusu mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, na serikali yetu ikaukataa. Kwa nini taifa likatae uamuzi wa mahakama? Na mvuvi kama ami atege wapi nyavu zake? Nimelisoma jambo hili maktabani Jumamosi tatu. Mbili zilipita kama upepo. Ya tatu, kusema kweli, nilitamani kandanda.

Kwa hivyo sijaapa. Nitasoma shahada ya kwanza, na swali hili likiendelea kuninyima usingizi, nitaendelea nalo. Likilala, nitatafuta kazi nyingine ya heshima.

Nilipomweleza ami, alicheka. "Sawa, mwanangu. Hata mimi hutazama maji kwanza ndipo nishushe chombo."

Nawe, mwenzangu wa kidato cha nne, umeyatazama maji yako?